Kumpisha Mama Mkwe Kwenye Lami

Siku Hamphrey alipoingia na gari kwenye shamba la kahawa, alikuwa akimwambia Biubwa kwenye simu, "Naingia, dada, naingia sasa hivi!" Na kweli aliingia. Aliingia mzima mzima, na magurudumu yote na matenga yote ya samaki, akapita katikati ya mibuni ya Mzee Augustino, akasimama pale alipokutana na mgomba. Yeye hakuumia. Mgomba uliumia. Usipa, wale samaki wadogo wa ziwani ambao sisi tunawala na vichwa vyao, walimwagika chini ya kahawa wakimeta kama mvua ya mawe, na paka wa kijiji kizima walifika kabla ya watu.

Biubwa alikuwa upande wa pili wa simu, kwenye meza yake ya kukaangia sokoni Mbinga, na alisikia kila kitu. Alisikia "naingia", akasikia majani, akasikia Hamphrey akisema "Mama wee!", halafu akasikia kuku. Alituambia baadaye kwamba kilichomtisha ni wale kuku.

"Nikajua hapo si barabarani tena," alisema. "Lami gani ina kuku wengi kiasi kile?"

Sisi ni umoja wa wanawake wauza samaki. Tuna gari dogo la mizigo, aina ile ambayo kila mtu huiita kirikuu, na madereva wawili wanaopokezana: Hamphrey, na mume wangu Pankras. Alfajiri gari linashuka Mbamba Bay, linasubiri mitumbwi itue, linapakia, kisha linapanda milima kurudi Mbinga kabla barafu haijawa maji. Mwenyekiti wetu ni mama yangu mzazi, Ephrasia, mwanamke aliyezaliwa ziwani akaolewa milimani, na sauti yake hupanda na kushuka kama barabara yenyewe. Mimi, Lidia, ni katibu. Nilipewa ukatibu kwa sababu neno likipita mbele yangu limevaa vibaya siwezi kulinyamazia.

Zamani, barabara ilipokuwa vumbi na matope, hakuna dereva aliyeshika simu kwenye zile kona. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, na mdomo ulikuwa ukisali. Lami ilipofika ikaufungua mkono mmoja. Mkono ukakaa bure siku mbili tatu, kisha ukaenda kwenye simu.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata tulikaa kikao kwenye kibanda cha chai, na mama akasimama kabla chai haijamiminwa.

"Nasema simu ipigwe marufuku," alisema. "Dereva akishika usukani, simu ikae kimya. Leo tumepoteza usipa. Kesho tutapoteza mtoto wa mtu anayetoka shule."

"Mama Lidia, serikali ilishakataza," Biubwa alisema.

"Serikali haisimami kila kona. Samaki ni wetu, gari ni letu, na huyu Hamphrey, kwa bahati mbaya, ni wetu."

Watu walicheka. Hamphrey, ambaye bado alikuwa na jani la kahawa limenasa kwenye sweta, alicheka pia, lakini kidogo.

Biubwa hakutaka kukubali haraka. Babu zake walitoka pwani, na yeye ana ile tabia ya kuweka mkono kiunoni kwanza na neno baadaye. "Sawa, marufuku. Mimi nakaanga. Nisipojua gari limefika wapi, mafuta nitayaweka motoni saa ngapi? Nikiwahi yanaungua. Nikichelewa, wanunuzi wa Kitai wanapanda basi lao na kuniachia samaki wabichi wananitazama."

"Bibi yako alikuwa akikaangaje bila simu?" mama aliuliza.

"Bibi yangu alikuwa Kilwa, bibie! Samaki walikuwa mlangoni!"

"Halafu," Hamphrey alidakia, alipoona upepo unamwelekea vizuri, "mnasema marufuku kuongea na simu. Mimi sijawahi kuongea na simu. Mimi naongea na watu."

"Uliongea na mgomba," mama alisema, na hapo mjadala ukafa.

Nilipewa kazi ya kuiunda sheria. Niliipima, nikaisoma kwa sauti, nikaona haina tundu: *Gari likiwa barabarani, dereva haruhusiwi kupiga wala kupokea simu. Atakayevunja sheria hii atanyang'anywa usukani.* Mikono ilinyooshwa yote, hata wa Biubwa, ingawa wake ulinyooka mpaka kwenye kiwiko tu. Wengi walimtazama Pankras, aliyekuwa amesimama nje ya kibanda. Mkwe wa mwenyekiti ndiye hutazamwa wa kwanza.

Niseme kwa nini alikuwa nje. Mama na mume wangu wanaheshimiana kwa namna ya zamani. Hawatazamani usoni, hawakai kwenye mkeka mmoja, hawali pamoja, na neno lolote lililo kati yao hupitia kwangu. "Lidia, mwambie mumeo paa la jikoni linavuja." Naye mume wangu amesimama pale pale, masikio yote mawili yapo. "Mwambie mama nitapanda kesho." Na mama yupo pale pale. Tangu niolewe nimekuwa posta.

Simu ndiyo iliyonipumzisha. Kwenye simu hakuna uso wa kukwepa. Mama aligundua kwamba akimpigia Pankras anaweza kumwuliza lolote, na kucheka naye, na hata kumkaripia kwa upole, bila mtu kuvunjiwa heshima. Alimpenda mkwe wake upya kupitia sikio. Na kwa kuwa Pankras akiwa nyumbani hakuna sababu ya kumpigia mtu aliye nyuma ya ukuta, alikuwa akimpigia akiwa njiani.

Jumatatu Pankras alishuka ziwani. Jua lilipopanda kidogo, mama, ambaye meza yake iko ubavuni mwa yangu, alifungua fundo la kanga akatoa simu.

"Mama," nilisema.

"Nini?"

"Jana tumepitisha sheria."

"Sheria ni ya wapiga soga. Mimi nauliza habari za samaki."

"Yuko kwenye kona, mama. Sheria inasema dereva."

"Huyu si dereva. Huyu ni mkwe wangu."

Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ikaita, ikachoka. Alikaa akiitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyemtukana mbele ya wageni. Pankras alifika na samaki wazima, wanang'aa, barafu bado ina pembe. Mama alinunua fungu lake, akapanga, akafukuza nzi, kisha akanigeukia kwa sauti ambayo soko zima lingeweza kuipokea.

"Mwambie mumeo sina neno."

Anayemjua mama yangu anajua maana yake. Mama akisema ana neno, utalisikia na litapita. Akisema hana neno, jiandae.

Jioni tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na beseni langu kichwani, Pankras na tenga tupu begani. Njia ile ni nyembamba, imebanwa na mahindi pande zote mbili. Yeye alikulia Maguu akishusha kahawa mlimani kwa kichwa chake. Siku alipokabidhiwa ufunguo wa gari la umoja, aliniambia kwamba shingo yake ilikuwa imesubiri siku ile tangu utotoni. Usukani kwake si kazi tu. Ni mahali anaposimama wima.

"Kamwambie mama yako asinipigie," alisema.

"Mwambie wewe. Namba yake unayo."

"Lidia!"

"Nikimwambia mimi atasema wewe ndiye uliyenituma."

"Si ndivyo ilivyo?"

"Basi ndiyo hapo."

Alihamisha tenga kwenye bega la pili. "Nikipokea, Hamphrey anachukua usukani. Nisipopokea, mama yako hana neno. Na mama yako asipokuwa na neno..."

"Anakuwa nayo mengi."

"Sasa mimi niende wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mwenyewe alitokea mbele yetu akitoka kisimani, ndoo kichwani. Pankras hakufikiri. Aliruka kutoka njiani, akaingia kwenye mahindi mpaka kiunoni, akavua kofia, akainamisha macho. Ndivyo mama mkwe anavyopishwa. Mama alipita taratibu, akakohoa kidogo, kikohozi chake cha kusema nimekuona na nimeridhika, akaenda zake.

"Toka, ameshapita," nilisema.

Hakutoka. Alibaki ndani ya mahindi na kofia mkononi, akitazama njia kama mtu anayeisoma.

"Lidia, ile sheria yako inasemaje? Neno kwa neno."

"Gari likiwa barabarani, dereva haruhusiwi kupiga wala kupokea simu."

"Barabarani."

"Barabarani."

"Na mimi hapa nilipo ni wapi?"

"Kwenye mahindi ya watu."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka mabua yakatikisika, na kunguru waliokuwa wakijifanya hawatuoni wakaruka.

Zamu ya Pankras iliyofuata, mama alisubiri jua lipande, akafungua fundo la kanga. Alipiga akiwa tayari amenuna. Simu iliita ikakatika. Alinuna zaidi. Lakini kabla hajafika mwisho wa kununa, simu yake iliita, na jina lilikuwa la Pankras. Mama hajui kuongea na simu peke yake. Aliifungulia sauti ili sote tusikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe upo."

"Nipo, mama. Nilikuwa nakupisha."

"Unanipisha wapi? Mimi niko sokoni."

"Uliponipigia ulikuwa unakuja njiani kwangu. Nimetoka barabarani, mama. Nimeliweka gari pembeni, nimezima, nimeweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nimesimama nje kwenye majani. Kofia nimevua."

Mama aliishusha simu akaitazama, akairudisha. Sauti yake ilikuwa imelainika kama ugali wa mhogo. "Umevua kofia?"

"Ninayo mkononi, mama."

"Haya, mwanangu. Ziwa limeamkaje?"

Mazungumzo yalipoisha, mama aliinuka kwenye kigoda. "Mmesikia?" aliwauliza wauza nyanya. "Mmesikia ninyi wenye wakwe wanaowapungia mkono kama wanafukuza nzi? Mkwe wangu akinisikia kwenye simu tu anatoka barabarani! Anazima gari! Anavua kofia na wala simwoni!"

Nilifurahi. Nilimwambia Pankras jioni ile kwamba ana akili kuliko sheria yangu. Alijibu kwamba sheria yangu ni nzuri sana, ina nafasi ya kupita gari. Nikamrushia kitambaa cha jikoni.

Furaha hiyo haikutufikisha mbali. Mama alikuwa amepata kitu kitamu na hakuona kwa nini akionje mara moja tu. Alimpigia kumwuliza kama mbasa, wale samaki wakubwa wa ziwani, wamenenepa. Alimpigia kumwuliza kama ziwa lina mawimbi, halafu akampigia kumwuliza kama mawimbi yametulia. Alimpigia akiwa na mgeni kutoka Kitura, ili mgeni asikie habari za kofia kwa masikio yake. Siku moja alimpigia kumwambia kwamba leo hana la kumwambia.

Na kumpisha mtu kwenye barabara ile si jambo la kufumba na kufumbua. Huwezi kusimama kwenye kona. Lazima uende mpaka upate mahali papana, utoke, uzime, uweke jiwe. Kisha kuna salamu, na salamu ya mama mkwe haikatwi katikati. Anaulizia wa kwenu Maguu mmoja mmoja, na wewe unamjibu mmoja mmoja. Wakati huo barafu inadondoka, na usipa si samaki wa kusubiri watu wasalimiane.

Gari likaanza kuchelewa. Kwanza kidogo, halafu sana. Wanunuzi wa Kitai wakawa wanapanda basi na mabeseni matupu. Biubwa aliunguza mafuta, akamwaga, akaweka mengine, nayo yakaungua. Hamphrey, ambaye simu yake sasa alikuwa akiifungia kwenye kisanduku cha gari na kuendesha kama padri, alifika siku zake mapema, akaanza kupiga mluzi kila anapopita mbele ya meza yangu.

"Shemeji," aliniambia, "mwambie kaka kwamba usukani ule mimi nikiwa nao peke yangu nitaupaka mafuta vizuri."

"Kapake mafuta mgomba," nilimjibu.

Lakini moyoni nilikuwa na hofu. Watu walikuwa wameshaanza kulisema jina la mume wangu kwa ile sauti ya chini. Tukaitiwa kikao. Ajenda ilikuwa moja: dereva anayechelewesha samaki aendelee au aondolewe.

Usiku wa kuamkia kikao nilimwambia Pankras, "Nitasimama niseme ukweli. Niseme ni simu za mama."

"Usiseme."

"Watakunyang'anya gari."

"Na wewe utamvua mama yako kanga mbele ya soko zima? Kwa ajili yangu? Halafu mimi nimpishe vipi tena, kwa uso gani?" Alikuwa akimenya muwa, na hakuinua macho. "Nilimpa heshima mwenyewe. Sitaenda kumdai anirudishie."

Sikulala vizuri. Mtu akiwa mkaidi kwa ubaya wako unajua la kufanya. Akiwa mkaidi kwa wema, utafanyaje?

Kibanda cha chai kilijaa. Pankras alisimama nje kama kawaida, mgongo kwenye nguzo. Biubwa ndiye aliyefungua, na hakuzunguka.

"Mwenyekiti, mimi mkweo nampenda. Ni kijana mwenye adabu. Lakini adabu haikaangwi. Wiki hii mafuta yangu yameungua, wateja wangu wamekwenda, na samaki wanafika wamelegea kama waliokesha msibani. Tuambiwe gari linalala wapi njiani."

"Ni kweli," wengine walisema. "Tuambiwe."

Mama alijinyoosha. Alikuwa mwenyekiti sasa, si mama mkwe, na alitaka ionekane. "Katibu," aliniambia, "mwulize dereva anachelewea wapi."

Nilimgeukia mume wangu ambaye alikuwa hatua chache kutoka hapo. "Unaulizwa unachelewea wapi."

"Waambie nilikuwa nampisha mtu mzima."

"Anasema alikuwa anampisha mtu mzima."

"Kila siku?" Biubwa alishangaa. "Mtu mzima gani huyo anayepanda ule mlima kila siku? Hana kwake?"

Kicheko kikapita. Pankras alinitazama, akatikisa kichwa kidogo: usiseme. Nilikuwa na jibu lote mdomoni, nikalitafuna, na lilikuwa chungu. Hamphrey alikohoa, akaufungua ukurasa wa huzuni usoni mwake, na kusema kwamba yeye hapendi mwenzake aondolewe, ila kama umoja utaamua hivyo, yeye yupo, afya anayo.

Hilo ndilo lililomchoma mama. Alipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

"Wewe uliyelima kahawa kwa gari ndiye wa kumrithi huyu? Kaa chini! Mnamsema kijana huyu kama mwizi, na hapa sokoni hakuna dereva mwenye heshima kama yeye. Hakuna! Mimi ni shahidi. Kila nikimpigia simu anatoka barabarani. Kila nikimpigia! Hapokei hovyo kama huyu. Anatafuta mahali pazuri, anasimama, anazima gari, anaweka jiwe, anavua kofia, ananisalimia mpaka mwisho, namwuliza za kwao, ananijibu, namwuliza za ziwa, ananijibu, na hanikatizi hata kama nimeongea mpaka..."

Akanyamaza.

Nimemwona mama yangu akiwa na hasira, na furaha, na msiba. Sikuwahi kumwona akijisikia mwenyewe. Mdomo ulibaki wazi kidogo, na macho yakamgeuka taratibu, kama mtu aliyekuwa akimtafuta mwizi wa mboga akakuta mchuzi kwenye kidole chake.

Hakuna aliyecheka. Hata Biubwa, ambaye alikuwa na haki kuliko wote, aliushusha mkono kutoka kiunoni na kuuliza kwa upole, "Na unampigia mara nyingi, mama Lidia?"

"Leo asubuhi," mama alisema polepole, "nilimpigia kumwuliza kama alipokea simu yangu ya kwanza."

Hapo kibanda kililipuka. Walicheka mpaka mwenye chai akaingia kuuliza kuna nini. Mama alisimama katikati ya kicheko kile kama anayenyeshewa, na mimi nilishika ukingo wa meza, kwa sababu sikujua atakachofanya. Angeweza kukasirika. Angeweza kufunga kikao na kuondoka, na Pankras angeondoka na aibu ya watu wawili. Kwa muda nadhani hata yeye hakujua.

Kisha akavuta kanga yake, akakaa.

"Katibu, ile sheria yako."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Ni nzuri, lakini ni nusu. Umemfunga anayepokea, umemwacha anayepiga. Simu haijipigi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, kivulini, na ndiye niliyekuwa nikikanyaga breki ya gari lile. Sema hivi: gari likiwa njiani, mtu yeyote wa umoja huu haruhusiwi kumpigia dereva. Dereva atatupigia akiwa ziwani, amesimama, kabla hajaondoka. Baada ya hapo tusubiri. Safari tunaijua urefu wake. Biubwa, mafuta utayawasha kwa akili."

"Akili ninayo," Biubwa alisema. "Nilichokikosa ni samaki."

"Na atakayempigia dereva?" nilimwuliza. Katibu lazima aulize. "Adhabu yake?"

Mama alitazama nje, upande wa nguzo, lakini si usoni. "Ataosha matenga ya umoja. Mwezi mzima. Yote."

Matenga ya samaki hayaoshwi na mtu anayejipenda. Watu wakaguna kwa hofu.

"Kuanzia lini?" Hamphrey aliuliza, akiwa hana tena cha kupoteza.

"Kuanzia sasa. Naanza mimi. Na usukani unabaki ulipo, zamu kwa zamu. Kuna mwenye neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Nje, Pankras alikuwa amegeukia ukuta, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilidhani analia, nikaenda kumwona. Alikuwa akicheka, ila macho yalikuwa na maji pia.

Gari likarudi kufika mapema. Wanunuzi wa Kitai walirudi na mabeseni yao. Mama aliosha matenga bombani nyuma ya soko, mikono imejaa magamba mpaka kwenye viwiko, na kila aliyepita alimpa pole ndefu kuliko ilivyohitajika. Alizipokea zote. Kitu kimoja tu kilimshinda. Simu ilikaa kwenye fundo la kanga kama kuku anayeatamia, na hakuwa na wa kumwuliza habari za ziwa.

Nami nikarudi kuwa posta. "Lidia, mwulize mumeo mbasa leo wakoje." "Mwambie mama wanene." "Lidia, mwulize wanene kiasi gani." Nilivumilia. Kisha asubuhi moja, gari limesimama uani mwa soko, Pankras anashusha matenga, mama yuko bombani, mimi nina foleni ya wateja mezani, akaita tena:

"Lidia! Mwulize mumeo..."

"Posta imefungwa, mama!" nilipiga kelele. "Hadi Jumatatu!"

Soko likatulia. Mama alisimama na tenga linalodondoka maji. Pankras alisimama na tenga linalodondoka barafu. Kati yao palikuwa na uwazi ambao mtoto angeuruka.

Mama aliliweka tenga chini. Akafuta mikono kwenye kanga, akafungua fundo, akatoa simu. Akamgeuzia mkwe wake mgongo, akatazama ukuta wa choo cha soko, na kuiweka simu sikioni bila kubonyeza kitu chochote.

"Haloo?" alisema kwa sauti kubwa.

Pankras alinitazama. Nilijifanya napima usipa. Akaliweka tenga chini, akavua kofia, akatoa simu yake iliyozimwa, akageukia upande wa mabasi.

"Haloo. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo huko uliko?"

"Sijambo, mama."

"Ziwa limeamkaje?"

"Limelala kama maji kwenye beseni, mama. Mitumbwi imerudi mizito."

"Na wa Maguu wote wazima?"

"Wazima, mama. Wanaanza kuchuma kahawa."

Biubwa alikuwa ameziba mdomo kwa upawa wa kukaangia. Hamphrey alikaa chini kabisa, juu ya gunia la chumvi.

"Leo nakusikia vizuri sana," mama alisema. "Kama uko hapa hapa."

"Mtandao umetulia, mama," alisema Pankras.